Jana Isiyo na Makato

Saa nane usiku, Uyole, ukungu umeketi juu ya bati,
na roboti wangu amekwisha kuishi miaka mitatu
kwa dakika kumi na moja.
Akanunua, akauza, akanunua tena sarafu zisizoshikika.
Hakupiga mwayo, hakuomba chai,
hakuuliza bei ya bando.
Laki mbili ikawa milioni tisa.
Mstari ulipanda kama barabara ya Igawilo kwenda Isyonje:
kona hapa, kona pale, lakini juu,
juu tu.

Nikamwamsha dada yangu, Subilaga.
Yeye hununua viazi mashambani akauza Mwanjelwa,
na hesabu zake zimo katika kaunta buku
linalonuka udongo.
Akatazama kioo, jicho moja bado limelala.
"Hapa ulinunua kwa bei gani?"
Nikamwonyesha mshumaa mwekundu,
ncha ya utambi wake, chini kabisa.
"Nani alikuuzia?"

Nikanyamaza.
Hakuna aliyeniuzia.
Nilipita sokoni watu wamekwisha kwenda kwao,
nikajiokotea bei iliyobaki chini
kama aokotaye jani la kabichi.

"Mwezi wa tatu," akasema, "walinipigia simu: gunia elfu sabini.
Nikafika na magunia arobaini.
Bei ikanitazama, ikayatazama magunia yangu, ikakaa chini.
Ile ilikuwa bei ya gunia la kwanza, Nsajigwa.
La arobaini lina bei yake.
Na lumbesa umeiweka humo?
Mimi mwenyewe namfanyia mkulima lumbesa.
Wewe, anayekufanyia ni nani?"

Nikaweka makato, ya kuingia na ya kutoka.
Milioni tisa ikawa moja na nusu.
Nikaweka sekunde mbili za kuchelewa,
hizi hizi za mtandao wetu mvua ikinyesha.
Laki tatu na kidogo.
Halafu nikakumbuka kwamba katika jana yangu
umeme haukukatika hata siku moja,
miaka mitatu,
Uyole!
Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Alipoenda kuwasha jiko nikabaki na lile nisilomwambia.
Orodha ya sarafu niliipakua mwezi huu;
ni zile tu zinazopumua mwezi huu.
Darasa letu la saba tulikuwa hamsini na wawili.
Mwaka jana tukakutana, tukafika tisa,
wote tuna viatu vizuri, tukapiga picha.
Ukiitazama picha hiyo utasema
shule ile iliotesha viatu.

Na namba kumi na saba, je?
"Nunua wastani wa siku kumi na saba unapovukwa."
Kwa nini kumi na saba? Sijui.
Kumi na nne ilinitia hasara, kumi na tano vilevile.
Nilijaribu namba mia mbili na sita
nikaiita moja mkakati,
na zile mia mbili na tano sikuziandika popote.
Nilikuwa fundi cherehani nampima maiti:
hatikisiki, hapumui, hanenepi,
koti likamkaa barabara hadi kwenye kovu la bega.
Sasa namsubiri kesho aje alivae,
kesho ambaye mabega yake sijayaona.

Saa kumi Fuso ikapiga honi barabarani.
Subilaga akavaa makoti mawili,
akatia kaunta buku kwapani.
"Viazi vimefika bei gani leo?" nikamuuliza.
"Nitajua nikishauza."

Nikaitoa laki mbili, nikairudisha kwenye simu.
Roboti nikamwachia elfu tano tu,
elfu tano halisi, na saa halisi inayokwenda polepole,
dakika moja kwa kila dakika.
Hadi jua linachungulia nyuma ya Uporoto
alikuwa hajanunua kitu.
Labda anaona haya.
Labda bando limekwisha.